Nani Amsomee Baba

Maskati, 12 Januari 2025

Kwako ndugu yangu Raihana,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumai barua hii itawakuta nyote hapo Kibokoni mna afya, na miguu ya Baba imepungua kufura. Sisi huku hatujambo. Baridi ya mwaka huu imekuja na meno. Shemeji yako halali bila soksi, nami nimenunua blanketi la pili. Juzi nilipika mkate wa sinia ukaumuka vizuri sana, lakini nilipoukata nikakosa wa kumwonyesha. Shemeji yako alikula vipande vitatu, akasema "zein", nzuri, basi.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu waijua simu ya nyumba yetu. Nikipiga, Jannat huiweka spika. Baba asikia, jirani wa juu asikia, na muuza kahawa aliye chini ya dirisha huzichukua habari mpaka Makadara kabla sijamaliza salamu. Nina neno ambalo si la spika. Hussam anakuja huko Jumanne na mzigo wake wa marashi, atakupa bahasha hii mkononi.

Neno lenyewe ni hili. Jannat mwanao, naye ni mtoto hajui kuficha, aliniambia kwamba siku hizi wewe ndiye unayemsomea Baba baada ya alasiri. Akanitajia na kitabu: kile kinene cha Kiingereza chenye jalada jekundu, cha watawala madhalimu wa karne iliyopita.

Raihana, kitabu kile nilikinunua mimi. Baba aliniomba mimi, mwaka ule macho yake yalipoanza kumtupa. Wazee wenziwe waliostaafu Kilindini walikuwa wakisikiliza mpira redioni. Yeye akataka Stalini na Hitla, tena kwa sauti yangu. Miaka yote ile kabla sijaolewa nilimsomea mimi. Nimemsomea njaa ya Ukraini. Nimemsomea kambi za Wajerumani. Nimemsomea Kambodia, ambako kuvaa miwani tu kuliweza kumtia mtu mashakani. Sikukwama hata kwa jina moja. Baba alikuwa akiwaambia watu, "Tumu akisoma, ni kama redio ya London." Nilipoondoka nilimwambia nikija tutaendelea tulipoachia. Sikusema mtu mwingine aendelee.

Wewe skuli uliiacha darasa la saba kwa hiari yako, ukasema vitabu vyakutia usingizi. Leo umeamkia wapi? Sikukatazi. Nauliza tu. Na nakuomba, sura ya Uganda msiiguse. Wajua kwamba Ami Mzamil alipotelea Kampala zama za Amini, na tangu tupate akili hatujamsikia Baba akimtaja nduguye. Sura ile yataka mtu anayejua kumsomea. Nitaisoma mwenyewe nikija.

Nisalimie wote, na umpe Baba mkono wangu aubusu, kisha wake uubusu kwa niaba yangu.

Dada yako,
Tumu


Kibokoni, Mombasa, 5 Februari 2025

Kwa dada yangu Tumu,

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Barua imefika. Hussam aliileta hadi mlangoni, akanywa chai vikombe viwili ndipo akaitoa mfukoni. Sisi wazima, alhamdulillah. Jannat ameingia kidato cha pili na tayari anajifanya mwalimu wetu sote. Baba miguu yapungua, lakini daktari amemkataza chumvi, na sasa kila mchuzi wangu ni kesi. Joto la mwezi huu halisemeki. Hata paka wa Kibokoni wamehamia vivulini mwa Ngome.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilikasirika, ya pili nikacheka. Umeandika kana kwamba nimekuibia mume.

Sikiza ilivyoanza. Ulipoolewa Baba alikaa karibu mwaka mzima akingoja. Kila alasiri kwenye kiti chake, kitabu mapajani, akipapasa jalada. Mimi napita na kufua kwangu, namwona. Siku moja nikamwambia, nipe nijaribu. Akasema, "Utaweza, Raihana?" Nikasema sitaweza, lakini tujaribu. Hivyo tu, dada. Hapakuwa na njama.

Wala usidhani nina sauti ya redio. Mimi nasoma kama mtu anayepanda ngazi za nyumba hii taa zikiwa zimekatika. Natia mguu, napapasa, natia mwingine. Yule mtawala wa Romania jina lake nimelisoma namna nne, na Baba akacheka mpaka akakohoa. Neno likinishinda nasimama, namtajia herufi moja moja, naye anifahamishe. Ukurasa mmoja waweza kula alasiri nzima.

Na hiyo Uganda, barua yako imechelewa. Hatukuifikia sisi, yenyewe imetufikia. Tulikuwa kwa Stalini. Nilirudia sura ulizokwisha kumsomea, kwa sababu mimi sikuwahi kuzisikia. Pale paliposema kwamba watu walikuwa wakiweka mkoba mdogo karibu na mlango, wenye soksi na nguo za ndani, wakingoja kuja kuchukuliwa. Hapo neno likanikwama. Kabla sijataja herufi nikasikia maziwa yafurika jikoni, nikakimbia. Niliporudi Baba alikuwa akisema peke yake. Nilidhani aomba dua. Kumbe asema, "Mzamil hakuwa na mkoba. Alitoka na kandambili."

Nikaketi, nikakifunga kitabu. Akanieleza kidogo kuhusu siku ile, alipokuwa amesimama pale mlangoni mwa duka. Kisha akasema, "Haya, nenda katie chai." Tangu hapo, kila tukisoma huja kidogo.

Nimekwambia ili ujue, si ili nikuudhi. Nguo ulizomletea Jannat zimemkaa vizuri, ila mikono ni mirefu.

Mdogo wako,
Raihana


Maskati, 20 Februari 2025

Raihana,

Salamu zangu zipokee, na za shemeji yako, ambaye ana mafua na anataka kila mtu ayajue. Ramadhani iko mlangoni. Nimetafuta tambi za kwetu soko zima la Matrah nikazikosa.

Siwezi kujifanya. Nina wivu. Nimeliandika neno lenyewe, lisome vizuri, lisikukwame.

Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Nilimsomea Musolini nikiwa na malaria, meno yakigongana. Nilimsomea siku ya tatu ya matanga ya Mama, watu walipokwisha kutawanyika, kwa sababu alisema nyumba imekuwa kimya mno. Posa mbili nilizikataa, nawe wazijua, kwa kuwa nilijiuliza nani atakayemsomea. Wewe wakati huo ulikuwa ukienda harusi za watu na mkufu wangu shingoni. Leo waja na herufi zako moja moja, na maziwa yako yafurikayo, unapewa bure nililolingojea mimi bila hata kujua kwamba nalingojea.

Na nimekushika mahali. Umeandika, "alipokuwa amesimama pale mlangoni mwa duka." Mlangoni vipi? Sote tumelelewa na hadithi moja. Baba na Ami Mzamil walikuwa wakiuza vitambaa katika duka la mtu Kampala, vijana wote wawili. Baba akapanda treni kurudi Mombasa kwa harusi yake, na nyuma yake watu wa serikali wakaja wakamchukua Ami. Mama alinieleza hivyo kwa mdomo wake. Kama Baba alikuwa mlangoni, basi hakuwa kwenye treni. Kama hakuwa kwenye treni, aliona. Miaka hamsini amelala na alichokiona, na mimi nilikaa naye goti kwa goti nikimsomea mauaji ya nchi za watu, asinipe hata neno.

Nataka kujua alichokwambia. Andika kama alivyosema, usipunguze. Mimi ndiye mkubwa. Kama kuna mtoto wa nyumba ile mwenye haki ya kulijua jambo hilo, ni mimi.

Tumu


Kibokoni, 14 Machi 2025

Dada,

Ramadhani karim. Mkono huu unanuka vitunguu, unisamehe. Twafuturu vizuri, alhamdulillah. Jana kaimati zangu zilitoka ngumu, Baba akasema zafaa kupigia mwizi. Daktari amemkataza kufunga, naye afunga, nami nagombana naye mpaka adhana. Hatusomi mwezi huu. Alasiri hupelekwa msikitini kusikiliza tafsiri.

Uliloniuliza siliandiki. Baba alinishika mkono akaniambia niliweke. Hakusema niliweke mpaka lini. Amana ni amana hata kama aitakaye ni dada yangu.

Hayo ya mlangoni niliandika kwa haraka, jiko li moto. Usiyashike sana.

Ukitaka kujua, Baba yuko, muulize. Masikio yake hayana ila.

Raihana


Maskati, 6 Aprili 2025

Ndugu yangu kipenzi Raihana,

Idi mubarak, wewe na Jannat na Baba na wote wa nyumbani. Natumai mlikula mkashiba. Sisi tuliswali, tukatembelewa na jamaa wa shemeji yako, watu wazuri lakini wanakaa mno. Nilivaa lile buibui ulilonishonea, wakanisifu, nikawaambia ni kazi ya mdogo wangu. Nakupelekea kwa Hussam chupa mbili za marashi, kitambaa cha Baba cha kanzu, na lozi za Jannat.

Nimefikiri na kuona nilikuandikia kwa ukali. Tuyaache.

Nina ombi dogo tu. Hapa kuna akina mama watatu wa kwetu, wawili wa Mombasa na mmoja wa Lamu, tunakutana Ijumaa. Nimewatajia kile kitabu changu chekundu nao wamekitamani. Mkabidhi Hussam akirudi, aniletee. Baba naye umri umekwenda, si vizuri kumjaza kichwa mambo ya damu kila siku. Msomee gazeti, au umwachie redio apumzike.

Nakushukuru mapema.

Dada yako akupendaye,
Tumu


Kibokoni, 3 Mei 2025

Kwa Mtukufu Rais wa Maisha, Amiri Jeshi Mkuu, Mlinzi wa Masikio ya Baba,

Assalaam alaykum. Mimi raia wako sijambo. Marashi nimeyapokea na ni mazuri, kitambaa kimekwisha kwenda kwa fundi. Lozi Jannat amezila zote akaumwa na tumbo.

Akina mama watatu, dada? Wewe ambaye mwaka mzima ulilalamika kwamba Maskati huna hata wa kumwonyesha mkate wa sinia? Hata hao wa kitabuni walianza hivi hivi. Walianza na vitabu, wakaja magazeti, mwisho mtu akawa aogopa kusema na mkewe. Tuambie mapema kama wataka sanamu, tutakusimamishia Makadara, karibu na wauza viazi karai, upate kuonekana na watu wengi.

Kitabu anacho Hussam. Sikukificha wala sikukisingizia kupotea. Nilimwambia Baba, "Tumu anakitaka kitabu chake." Akasema, "Mpe. Ni chake." Lakini Hussam alipokuja kukichukua, Baba alikishikilia. Yule bwana alisimama na mkono umenyooka mpaka nikaona haya mimi.

Kama ulidhani ukikichukua kitabu utakuwa umemrudisha Baba kwako, umekosea hesabu. Alasiri zetu sasa zikoje sikwambii, maana hukuniuliza.

Nimekasirika, Tumu. Nimeandika mzaha kwa sababu nikiandika kweli nitaichana karatasi.

Raihana


Kibokoni, 22 Juni 2025

Dada yangu Tumu,

Assalaam alaykum. Nimengoja jibu lako tangu mwezi wa tano. Hussam amekuja mara mbili mikono mitupu, na kwenye simu unaongea na Jannat mambo ya mitihani, nikishika mimi unasema mtandao mbaya. Idi ya kuchinja imepita. Tulichinja mbuzi mmoja na majirani, ini nikamkaangia Baba. Mvua zimeisha, ukuta wa nyuma umebambuka tena, fundi asema atakuja Jumatatu lakini hakutaja ya mwezi gani.

Naandika kwa sababu mambo yamekwisha huku, na ni haki yako kujua kwamba yamekwisha, hata kama sikwambii ni yapi.

Wasema wahenga mchimba kisima huingia mwenyewe. Ulipokichukua kitabu, Baba alikaa kitini ile ile saa yake. Nami, kwa mazoea, nikaketi karibu naye. Sikuwa na cha kusoma. Gazeti alilikataa. Redio akasema niizime. Basi tukakaa. Siku ya pili alianza mwanzo kabisa, walivyofika Kampala, chumba walichokodi, na namna Ami Mzamil alivyokuwa akiimba akipima vitambaa. Hakukuwa na Stalini wa kumkatiza, wala neno la kunikwamisha. Alisema mpaka akafika pale mlangoni, dada, akapita. Alisema yote. Siku hiyo alilia nikampangusa na upindo wa leso yangu, na usiku wake akalala bila kuniita. Kitabu kingalikuwepo, huenda angeyatoa tone tone mpaka kufa kwake. Uliyoyazuia ndiyo uliyoyafungulia.

Baada ya wiki moja hivi nikamuuliza. Nilikuulizia wewe, kwa sababu nilijua itakuuma mpaka kaburini. Nikamwambia, "Baba, mbona hukumwambia Tumu? Yeye ndiye aliyekaa nawe miaka."

Akanitazama na yale macho yasiyoona vizuri. Nakuandikia kama alivyosema:

"Tumu akisoma haachi nafasi, mwanangu. Sauti yake yenda moja kwa moja, nami n'aifuata. Kila pahala mimi n'kiwa, n'liko Kampala. Kitandani Kampala. Msikitini Kampala. Gatini Kilindini, n'kihesabu magunia, Kampala. Saa ile ya Tumu peke yake ndiyo n'liyokuwa siko. N'likuwa kwa Stalini, kwa Hitla, kwa maiti wa watu wengine. Wewe waniona mtu mbaya?"

Nikamwambia hapana.

"Sasa ningalimwambia Tumu, ningalikwenda kupumzika wapi?"

Niliposikia hayo mimi ndiye niliyeona wivu. Ndiyo, mimi. Wewe walia kwamba nimepewa kitu ukanyimwa. Nilichopewa ni hiki: nikikuna nazi nakiona, nikipita duka la vitambaa pale Barabara ya Biashara nageuza uso. Mtoto wangu akichelewa kurudi kutoka skuli mapigo yangu hayashikiki. Wewe ulimpa mahali pa kukimbilia. Mimi nimekuwa ndoo. Mwenzangu, nani hapa mwenye haki ya kununa?

Sasa Baba amekwisha kusema na hana la kuongeza, na hiki kimya chetu kimemchosha. Jana aliniambia kwa upole, kama mtu anayeogopa kumkera mkwe, "Raihana, hujui Tumu atapata nafasi lini?" Kitabu kiko kwako. Piga.

Raihana


Maskati, 18 Julai 2025

Raihana, mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Huku joto limetufungia ndani, viatu ukiviacha nje huvivai tena. Shemeji yako hajambo. Amenunua feni mpya, anaisifu kama aliizaa. Mwambie Jannat nimefurahi kwa alama zake za hesabu, na lozi nyingine hapewi mpaka ajue kula kwa kiasi.

Akina mama watatu hawakuwepo. Ulijua.

Barua yako ya mwezi wa sita niliisoma jikoni nimesimama, nikaikunja, nikaiweka chini ya mtungi wa mchele, nikakaa nayo wiki mbili bila kumwambia mtu. Kila nilipochota mchele niliisikia. Wewe wasema Baba alikuja kwangu kupumzika, na wadhani nitafurahi. Sikufurahi. Nililiona ni tonge la kumnyamazishia mtoto anayelia. Nilijiambia, Raihana amepewa nyama, mimi napewa maneno mazuri.

Kwa hiyo nilipopiga simu Alhamisi ya wiki iliyopita, sikupiga kwa wema. Wewe ulikuwepo chumbani na spika ikakupa sauti, lakini hukuniona, sasa nakueleza ya upande wangu.

Nilikuwa nimejitayarisha kama mwizi. Nilikaa mezani, mlango nimefunga, kitabu nimekifungua sura ya Uganda kwa makusudi. Baba alipokuja kwenye simu na kusema, "Tumu, mamangu, n'kusikize," nilikaribia kuacha. Sikuacha. Nikaanza kusoma, vizuri, kama zamani. Nikasoma jeshi lilivyochukua nchi, Wahindi walivyofukuzwa, hata nikafika pale palipoandikwa habari za watu waliokuwa wakitiwa kwenye buti za magari mchana kweupe, watu wakitazama.

Hapo nikanyamaza.

Nilijifanya neno limenikwama. Nilifanya ufanyavyo wewe. Nikaacha nafasi, Raihana, pana kabisa, mtu aweza kupita na mzigo kichwani. Nikasubiri. Nilisikia kunguru wa kwetu. Nilisikia muuza kahawa akigonganisha vikombe. Nilikusikia wewe ukivuta pumzi, maana ulikwisha kunijua. Na Baba nilimsikia akihema, polepole, na moyo wangu ukawa wasema, sasa, sasa na mimi, sema Baba, na mimi ni mwanao.

Akasema, "Tumu? Simu yakatika?"

"La, Baba. Nipo."

"Basi mbona wasita?"

Akangoja. Kisha akasema, na hili najua ulilisikia, lakini hukujua lilivyonipata, "Si hapo, mwanangu. Nipeleke mbali kidogo."

Hakuwa na hasira. Alikuwa akiomba. Baba yetu, aliyekuwa akiwapigia kelele makuli Kilindini mpaka meli ya jirani, alikuwa akiniomba kama mgeni aombaye maji. Nikaona aibu ikanipanda mpaka masikioni. Nikageuza kurasa, nikaangukia Albania. Mtawala aliyeijaza nchi yake mahandaki ya zege, bondeni na mlimani, akingoja maadui ambao hawakuja. Nikasoma. Sikuacha nafasi. Nilisoma mpaka koo likakauka, na nilipofika mwisho wa sura nikamsikia ameguna ule mguno wake wa zamani, wa mtu aliyeegemea.

Wivu haujaniisha, usidanganyike. Wewe unayo siku moja ya Baba ambayo mimi sina, na huenda atakufa sina. Nikifikiri hivyo natamani kukupiga. Juzi nilishika kalamu nikuombe kwa mara ya mwisho uniandikie, nikuapishe kwa kaburi la Mama. Nilikuwa nimekwisha kuandika jina lako. Nikakumbuka namna alivyoijua sauti yangu ilipobadilika kidogo tu. Mimi si mtu wa kuficha, Raihana. Nikijua kilichotokea pale mlangoni, nitakisoma ndani ya kila neno, kwenye Albania, kwenye njaa ya Ukraini, hata kwenye salamu. Naye atakisikia, na hatakuwa na pa kwenda tena.

Basi usiniambie. Nikija nyumbani usiniambie. Akitangulia yeye nikawa nakulilia miguuni, hapo utatazama mwenyewe. Lakini maadamu Baba yuko hai na anangoja alasiri, usiniambie, hata nikikuomba kwa jina la Mama.

Dada yako,
Tumu